Jinsi Mzio Ulivyotambulikana

Wahenga walisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Methali hii yawahusu sana watu wenye mzio. Mwenzetu akila samaki akavimba midomo, au akipita penye maua akapiga chafya mfululizo, wako wamchekao na kusema anajidekeza. Wako pia wasemao kwamba amerogwa. Historia yatuonyesha kuwa wote hao wamekosea.

Katika mwaka wa 1819 tabibu mmoja wa London, John Bostock, aliwasomea matabibu wenzake habari za mgonjwa ambaye tangu utoto wake, kila mwezi wa Juni ulipofika, macho yalimwasha, kamasi zikamtoka, na kifua kikambana. Mgonjwa huyo alikuwa ni yeye mwenyewe. Watu wengi walidhani ugonjwa huo waletwa na nyasi kavu za kulishia mifugo. Bostock aliona kuwa waletwa na joto la jua.

Aliyeifikia kweli ni Charles Blackley, tabibu wa Manchester, ambaye naye aliugua maradhi yayo hayo. Alijikwaruza ngozi akatia chavua, yaani ule unga wa maua ya nyasi, na mara pale palivimba. Tena alirusha tiara zilizobeba vioo vyenye kunata, akakuta kwamba chavua husafiri juu sana angani. Mwaka wa 1873 alitoa kitabu chake. Ikajulikana kwamba mtu aweza kuugua kwa maua asiyoyaona.

Mwaka wa 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jambo la kutisha. Mbwa aliyestahimili sindano ya kwanza ya sumu ya mnyama wa baharini alidungwa kiasi kidogo tu baada ya majuma machache, naye akafa upesi. Kumbe jambo laweza kupita salama mara ya kwanza, na mara ya pili likaua! Mwaka wa 1906 Clemens von Pirquet, tabibu wa Vienna, aliipa hali hiyo ya mwili kubadilika jina la Kiyunani ambalo mataifa mengi hulitumia hata leo. Baadaye, mwaka wa 1966, Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke wa Kijapani waliokuwa Marekani, walitambua protini ya damu iletayo ghasia hiyo. Basi mzio ni kama askari wa mwili wanaompiga mgeni asiye adui, na katika vita hiyo mwenye nyumba ndiye aumiaye.

Tufanyeje, basi? Tuwaige Bostock na Blackley katika kuangalia kwa makini, wala si katika kujijaribia mwilini. Kazi hiyo tuwaachie waganga wa hospitali. Mtu na aandike alichokula, alichogusa, na saa aliyoanza kuwashwa. Akisha kukijua kimdhurucho, akiepuke, awaarifu mwalimu na mpishi, wala asilazimishwe kukionja. Ikiwa ulimi au koo lavimba, au pumzi zamwishia, apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa hapo dakika chache ni uhai.

Nasi tulio wazima tusicheke. Kunguni wa mwenzetu wauma kweli.