Pembe Ndani ya Pembe: Maumbo Yanayojirudia Uwandani Makonde

Simama Shimo la Mungu, pale Newala uwanda wa Makonde unapokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, uyatazame makorongo. Korongo kubwa limeingia uwandani kama shina la mti. Ubavuni mwake limezaa mengine, na hayo nayo yana vichirizi vyembamba vilivyogawanyika vivyo hivyo. Ukipigwa picha ukingo huo pasipo mtu wala mti wa kulinganishia, mtazamaji hatajua kama anaona bonde zima au ufa uliochimbwa na mvua ya jana.

Kinachochora ni maji. Juu uwandani mchanga hunywa mvua yote. Maji huzama, kisha hutokeza chini kwenye miteremko. Yanapotokea hula udongo, ukingo hurudi nyuma, na korongo huota tawi jipya. Ndiyo sababu kwa vizazi vingi akina mama wa uwandani walishuka makorongoni na mitungi, wakapanda nayo kichwani ikiwa imejaa.

Umbo la namna hii, ambalo kipande chake kidogo kinafanana na zima, lilipewa jina la fraktali na mwanahisabati Benoît Mandelbrot mwaka 1975. Mwaka 1999 Mmarekani Ron Eglash alichapisha kitabu kuhusu fraktali za Afrika, akionyesha vijiji vya Waila wa Zambia: duara la nyumba ndani ya duara la maboma. Uwanda wetu nao unastahili kusomwa kwa jicho hilo, ila kwa uangalifu, kwa kuwa si kila urembo unaojirudia ni fraktali. Mkeka wa ukindu hurudia ua lilelile kwa ukubwa uleule kutoka ncha hadi ncha. Unapendeza, lakini hiyo ni hesabu nyingine.

Nembo za kuchanjwa mwilini ndizo zinazokaribia. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, akapiga picha nyuso na miili iliyochanjwa. Wamakonde walichanja ngozi kwa kisu kidogo, wakasugua mkaa kwenye jeraha, na baada ya kupona mistari ikabaki na weusi wa kibuluu. Mchoro uliopendwa ni pembe: mstari uliokunjwa, na ndani yake mwingine mfupi zaidi, na ndani ya huo mwingine tena, mpaka nafasi ya shavu au paji la uso iishe. Mchanjaji hakuwa na nafasi ya kufuta. Pembe ya kwanza ikikaa upande, zote zinazofuata hukaa upande, kwa hiyo mkato wa kwanza ulikuwa tayari umebeba uso mzima.

Karne ya 20 ilivyosonga, vijana wa shule na wa mijini waliziacha nembo. Hazikupotea zote, maana mchongaji wa vinyago vya ngoma alikuwa amezihamishia kwenye mti. Kinyago cha kiwiliwili cha mwanamke, chenye tumbo la mimba, mara nyingi huwa na nembo zilizobandikwa kwa nta ya nyuki. Kwangu mimi hilo ni hifadhi bora kuliko picha yoyote ya Weule: kwenye nta kidole kinahisi kina na upana wa kila mstari.

Kisha ukaja mpingo. Wachongaji waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni walileta ufundi wao Tanganyika, na Roberto Yakobo Sangwani ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kinyago tunachokiita Ujamaa. Mwanzo wake, inasimuliwa, ni bingwa wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake. Leo ni mnara wa watu wanaobebana, wote kutoka gogo moja bila kiungo.

Utazame kwa karibu unavyotengenezwa. Tezo hutangulia, ikitoa tu mafungu makubwa: hapa bega, pale mgongo. Patasi hugawa kila fungu liwe mtu. Mama aliyebebwa amebeba mtoto, na mtoto ameinama kama mama alivyoinama, kama mnara mzima ulivyoinama kufuata mpindo wa gogo. Tupa na msasa huingia mwishoni. Korongo halijui lini likome, mchongaji anajua. Huacha kugawa pale mpingo unapotishia kupasuka, au uso unapokuwa mdogo kama punje ya hindi. Hapo hupiga mikwaruzo miwili ya ncha ya kisu, ikawa macho, akageuza gogo upande wa pili.