Swichi Isiyoguswa kwa Mkono

Uingiapo chumbani usiku ukabonyeza swichi ya ukutani, taa huwaka, wala huoni ajabu. Kazi uliyoifanya ni kuvisogeza vipande viwili vya madini vikagusana, umeme ukapata njia ya kupita. Ukibonyeza mara ya pili, vipande hivyo huachana na njia hukatika. Lakini fikiri kidogo, msomaji: ingekuwaje kama swichi hiyo ingeendeshwa, si kwa kidole chako, bali kwa umeme mwingine utokao mbali? Hapo swichi moja ingeweza kuiwasha ya pili, na ya pili ikaizima ya tatu, na mtu asiwepo kabisa.

Mmoja wa waliolianza jambo hilo alikuwa mwalimu wa shule, nasi walimu hatuchoki kulitaja. Joseph Henry alikuwa akifundisha hesabu mjini Albany, nchini Marekani. Mwaka 1831 alionyesha ya kuwa sumaku iliyozungushiwa waya mwingi yaweza kuamshwa na umeme uliopita katika waya wenye urefu wa zaidi ya maili moja, hata ikagonga kengele. Miaka michache baadaye, alipokuwa akifundisha Princeton, aliitumia sumaku ya namna hiyo kuendesha swichi ya mkondo mwingine wenye nguvu zaidi. Chombo hicho huitwa rilei, nalo ni jina lile lile la mbio za kupokezana vijiti. Kwa maana umeme uliochoka kwa safari ndefu humkabidhi kazi mwenzake aliye mbichi, kama mkimbiaji anavyomkabidhi mwenzake kijiti.

Kwa muda wa karibu miaka mia moja rilei ilikuwa mtumishi wa simu. Kisha, mwaka 1937, Claude Shannon, kijana wa miaka 21 aliyekuwa mwanafunzi huko Massachusetts, aliandika tasnifu akaonyesha ya kuwa swichi zaweza kufanya kazi ya akili. Jaribu mwenyewe kwa betri, waya na taa ndogo. Ukiziweka swichi mbili katika waya mmoja, moja nyuma ya nyingine, taa haiwaki mpaka hii na ile zote ziwashwe. Ukiziweka katika njia mbili za sambamba, taa huwaka kwa hii au ile. Basi “na” na “au”, maneno madogo tuyatumiayo kila siku katika kutoa hoja, yamekuwa waya na swichi. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, George Stibitz alikaa nyumbani kwake mezani pa jikoni, akachukua rilei mbili, vipande vya bati la mkebe na taa za tochi, akaunda chombo cha kujumlisha tarakimu. Wenzake walikiita K, kwa sababu ya hilo jiko.

Hata hivyo rilei ina kasoro ya asili: lazima kipande cha chuma kiondoke mahali pake kiende pengine. Chuma kina uzito, nacho hakikubali kuharakishwa. Tena vumbi likiingia mahali pa kugusana, umeme haupiti. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa kompyuta moja ya rilei katika Chuo Kikuu cha Harvard walitafuta sababu ya mashine yao kukosea, wakamkuta nondo amenaswa ndani ya rilei. Walimbandika katika daftari lao la kazi, naye amehifadhiwa hata leo.

Dawa ya uzito huo ilikwisha kupatikana zamani, ila haikutambuliwa kuwa ni dawa. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming wa London alitengeneza valvu, yaani chupa ya kioo iliyotolewa hewa, yenye uzi wa moto kama wa taa na kibati kando yake. Uzi ukipata moto hutoa elektroni, nazo huruka kuelekea kwenye kibati. Miaka miwili baadaye, Lee de Forest wa Marekani alitia kati yake waya mdogo kama wavu. Wavu huo ukipewa umeme hasi, elektroni hurudishwa nyuma, ukiondolewa, hupita. Hiyo ni swichi kamili, na ndani yake hakuna chuma kinachosogea hata kidogo! Mwaka 1918 Waingereza wawili, William Eccles na Frank Jordan, waliziunganisha valvu mbili kwa namna ambayo kila moja, ikiwa inapitisha umeme, humzuia mwenzake asipitishe. Wazee walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hapa vilevile fahali mmoja hutawala na mwingine hulala, na hali hiyo hudumu mpaka ije ishara kutoka nje ya kuwageuza. Maana yake ni kwamba jozi hiyo hukumbuka ishara iliyopita mwisho.

Mbona basi kompyuta za valvu hazikuundwa mapema? Ni kwa sababu valvu hufa. Piga hesabu: tuseme valvu moja huishi saa 1,500. Mashine yenye valvu 1,500 ingepoteza moja karibu kila saa, na fundi asingemaliza kutafuta iliyokufa kabla nyingine haijafa. Hoja hii ilikuwa nzuri, na wataalamu wengi waliiamini. Aliyeipinga alikuwa Tommy Flowers, mtoto wa mwashi wa mashariki ya London, aliyekuwa mhandisi wa Posta ya Uingereza.

Mwaka 1943, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walitaka kusoma barua za siri ambazo makao makuu ya jeshi la Ujerumani yalikuwa yakizipeleka kwa redio. Mashine waliyokuwa nayo ilikuwa ya polepole. Flowers akasema: nitawaundieni ya valvu tupu. Wakubwa wa Bletchley Park walitia shaka. Lakini yeye alikuwa ameishi na valvu miaka mingi katika mitambo ya simu, akajua siri yake: kinachoiua zaidi ni kuwashwa na kuzimwa, uzi ukipata moto ghafla kisha ukapoa. Nawe umepata kuona globu ikikatika palepale unapoiwasha. Redio za nyumbani ziliwashwa na kuzimwa kila siku, ndiyo maana valvu zake hazikudumu. Washa mashine, alisema Flowers, usiizime tena.

Hakungoja kusadikiwa. Yeye na wenzake wa Dollis Hill walifanya kazi muda wa miezi kumi hivi, na mwezi Januari 1944 mashine ya Colossus, yenye valvu kama 1,500, ikafika Bletchley. Ilisoma herufi 5,000 kwa sekunde, nayo ilisimama imara. Ya pili, yenye valvu 2,400, ilianza kazi tarehe 1 Juni 1944, siku tano tu kabla majeshi hayajashuka katika pwani ya Normandy. Vita vilipokwisha, Flowers aliamriwa aichome michoro yake, naye akaichoma. Habari zake hazikutolewa hadharani mpaka miaka ya 1970, na wakati huo vitabu vilikuwa vimekwisha kuzoea kuipa ENIAC ya Philadelphia sifa zote.

Hata hivyo valvu ilibaki kuwa kitu cha moto na cha kula umeme mwingi. Tarehe 16 Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walichukua kipande cha jemaniamu, madini yasiyopitisha umeme vizuri kama shaba wala kuukataa kabisa kama kioo. Juu yake walikandamiza pembe ya plastiki iliyovikwa karatasi ya dhahabu, nayo dhahabu imepasuliwa kwa wembe. Umeme mdogo ukautawala mkubwa, bila uzi wa moto wala chupa. Hiyo ndiyo transista. William Shockley akaiboresha, nao watatu wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Babu yako huenda alilijua neno hilo kabla ya kujua maana yake, kwa kuwa miaka ya 1960 redio ndogo za betri zilizoingia hata katika vijiji visivyo na umeme ziliitwa transista.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 1958 Jack Kilby aliunganisha sehemu za sakiti katika kipande kimoja cha jemaniamu, na mwaka 1959 Robert Noyce akapata njia bora kwa silikoni. Mwaka 1971 chipu moja ilikuwa na transista 2,300. Leo chipu za simu nyingine zina zaidi ya bilioni 10. Miongoni mwazo wamo wale mafahali wa Eccles na Jordan, wengi wasiohesabika. Uandikapo ujumbe, kila herufi hupita katika majozi yao, huyu akiwa macho na yule amelala. Na uizimapo simu, majozi hayo yote husahau kwa pamoja.