Simu ya daktari: tangu fonia mpaka simu ya mkononi

Juma hili nilimkuta mama aliyekimbia vita akimpigia daktari kuomba randevu ya mtoto wake. Alipiga mara sita, hakuna aliyeitika.

Shida hii ina historia. Wakati wa Zaïre simu za waya za serikali zilikuwa chache, nazo zilikuwa za mijini. Baada ya uporaji wa 1991 na 1993, na vita vilivyofuata, nyingi zilinyamaza. Kwenye zone za afya, hospitali kadhaa ziliongea na vituo vya vijijini kwa fonia. Muuguzi ndiye aliyemwita daktari. Mgonjwa alingoja tu.

Simu za mkononi zilianza Kinshasa katika miaka ya 1980 na Telecel, kwa wakubwa na matajiri. Vodacom ilianza kazi 2002, mwaka uleule Nyiragongo ilipounguza Goma, na raia wa kawaida naye akaanza kupata namba. Lakini mara nyingi tulipata namba ya daktari mwenyewe, siyo ya hospitali. Akihama, akiwa kwenye upasuaji, au antena ikikosa umeme, randevu imekufa.

Kwa hiyo njia ya zamani bado ndiyo ya hakika: anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Ugonjwa ukimshinda muuguzi, atakuandikia karatasi ya kukutuma hospitali kuu. Simu ni ya kuulizia, isikuweke nyumbani na mtoto mwenye homa.

Yule mama alifunga simu, akambeba mtoto mgongoni, akaenda.