Kisu Kilichoshinda Kutu, Kikashindwa Kukata

Mfukoni mwa koti langu nina kisu kidogo cha kukunja ambacho kazi yake kubwa ni kumenya machungwa. Marehemu baba yangu naye alikuwa na chake, cha chuma cha kaboni. Akikata ndimu moja tu bapa linageuka jeusi, na asipolifuta vizuri kabla ya kulikunja, asubuhi kutu imekwisha kutambaa mpaka kwenye msumari wa mpini. Ndiyo taabu ya kisu cha kukunja: bapa hulazwa na unyevu wake gizani, mahali pasipofikiwa na kitambaa. Baba alikisugua kwa majivu kila Ijumaa. Changu sijakisugua hata siku moja.

Tofauti ya visu hivi viwili inaturudisha katika mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Nusura iishie huko huko, kwani mafundi wa kwanza kupewa chuma kipya wakijaribu walikipima wakakikataa.

Na Sheffield haukuwa mji wa kubahatisha. Tangu karne ya 14 mshairi Chaucer alimfunga mmoja wa wahusika wake kisu cha Sheffield, na wasomaji wake wakaelewa kwamba huyo ana kisu cha maana. Basi fundi wa mji ule akisema chuma fulani hakifai, nani wa kumbishia?

Aliyembishia ni Harry Brearley. Alizaliwa huko huko mwaka 1871, mtoto wa mfanyakazi wa tanuru. Alianza kazi akiwa na umri wa miaka 12, akaingia kiwanda cha Thomas Firth na Wanawe kama muosha chupa za maabara. Kemia aliisoma jioni baada ya kazi, na ilipofika mwaka 1908 ndiye aliyekabidhiwa maabara ya utafiti ya Firth na kampuni ya John Brown.

Mwaka 1912 aliombwa na watengenezaji wa bunduki awatafutie dawa ya mitutu iliyokuwa ikiliwa kwa ndani na joto la baruti. Akaanza kuchanganya chuma na kromiamu. Agosti 13, 1913, tanuru lilitoa chuma chenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Sasa, mtaalamu akitaka kuona umbile la chuma kwa hadubini, hukipaka kwanza tindikali ili kiliwe kidogo. Hiki kilikataa kuliwa. Siki nayo ikashindwa, na maji ya limau yakashindwa.

Ipo hadithi maarufu kwamba Brearley alikiona kipande hicho kikimeta jalalani. Ni tamu, lakini mimi siisadiki sana. Mtu ambaye kila siku anapaka vyuma tindikali hana haja ya kwenda jalalani.

Siri yenyewe ni kwamba kromiamu hushikana na oksijeni ya hewani ikafanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, kutu ikakosa pa kuingilia.

Brearley akaacha kuwaza mitutu, akawaza visu. Chuma kikapelekwa kwa mafundi wawili, na majibu yakaja mabaya: hakinoleki, hakishiki makali. Mjini akapachikwa jina la mtu aliyevumbua visu visivyokata.

Hapa ndipo ninapotaka tutue kidogo. Mafundi wale hawakusema uongo, kwani visu walivyotengeneza kweli havikukata. Lakini fundi wa zama zile alipima joto kwa jicho. Chuma cha kaboni kikifika wekundu fulani, katika nyuzi 800 hivi za sentigredi, alikitumbukiza kwenye maji au mafuta kikakaza. Chuma cha Brearley hakikazi kwa joto hilo. Kinataka zaidi ya nyuzi 950, kiwe na rangi ya chungwa, nalo ni joto ambalo fundi alifundishwa tangu utoto kwamba linaharibu chuma. Ukikitoa mapema, bapa hubaki laini. Wazee wale walidhani wanapima chuma, kumbe wanapima mazoea ya mikono yao.

Mwaka 1914 chuma kikamfikia Ernest Stuart, meneja wa kiwanda cha visu cha Mosley. Yeye hakusadiki kwamba chuma kinaweza kukosa kutu, na kwa kuwa hakusadiki, alikijaribu kwa bidii. Baada ya wiki moja alirudi na visu vya kukatia jibini. Kutu hakuna, doa hakuna, ila vifaa vyake vimekuwa butu kwa kukifanyia kazi. Mara ya pili visu vilikuwa vigumu mno, vikavunjika. Mara ya tatu Brearley aliitwa kutazama, naye mwenyewe alikiri kwamba ufundi wa visu haujui. Safari hiyo vikakubali. Brearley alikuwa akikiita chuma kisichopata kutu. Stuart akakiita kisichopata doa, na jina la Stuart ndilo lililoshinda. Hii "stenlesi" yetu inatoka huko.

Ugomvi ukafuata. Kampuni ilidai kwamba uvumbuzi wa mwajiriwa ni mali ya mwajiri, na mwaka 1915 Brearley akaondoka. Haki bin haki, hakuwa peke yake duniani, maana Krupp wa Ujerumani walikuwa wameandikisha vyuma vyao vya kromiamu na nikeli tangu mwaka 1912. Halafu vita ikakichukua chuma cha Sheffield kwenda kutengenezea vali za injini za ndege, visu vikangoja.

Lakini ile sifa mbaya ya visu visivyokata iliishi muda mrefu na ilisafiri mbali. Nilipompelekea baba kisu cha stenlesi kutoka mjini, alikifungua, akajaribu makali kwa ukucha wa kidole gumba, akakikunja polepole na kunirudishia.

"Mwanangu, hiki ni kizuri," akasema. "Kiweke cha wageni."

Ndicho hiki ninachomenyea machungwa.