Marafiki wa Spitalfields na Milango ya Mafukara

Mashariki ya mji wa London, karibu na soko la Spitalfields, iko njia iitwayo Quaker Street, na kwenye pembe yake limesimama jengo la matofali mekundu la miaka ya 1890, ambalo wapita njia wengi hulipita bila ya kujua kwamba habari zake zimefungamana na mafukara wa mtaa ule. Wenye jengo hilo walikuwa Waquaker, yaani Jumuiya ya Marafiki, ambao huko Uingereza aghalabu huabudu kwa kukaa kimya. Msomaji wa Kenya hana haja ya kujulishwa nao, kwani wamisionari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi duniani yenye Waquaker wengi kama Kenya.

Spitalfields ulikuwa mtaa wa wafumi wa hariri. Fundi alifanya kazi nyumbani mwake, kitanda cha mfumi kikiwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya dirisha pana, ili asipoteze hata chembe ya mwanga wa mchana, na mkewe na watoto wakitayarisha nyuzi kando yake. Na biashara ya hariri ilipoanguka, kama ilivyoanguka mara kwa mara, kitanda kilisimama na riziki ya nyumba nzima ikasimama pamoja nacho. Katika dhiki ya mwaka 1797, William Allen, mkemia aliyezaliwa mtaani humo kwa baba Mquaker mwenye biashara ya hariri, alishirikiana na wenzake kuanzisha chama cha kupika mchuzi na kuwauzia maskini, kipimo cha zaidi kidogo ya lita moja kwa peni moja. Bei hiyo haikurudisha gharama. Lakini mtu aliyelipa peni yake, naamini, alichukua chombo chake na kwenda zake bila ya kuinamisha kichwa.

Aliyeifanya ziara ya nyumbani kuwa kazi ya maisha yake ni Peter Bedford, mfanyabiashara wa hariri aliyezaliwa mwaka 1780. Huyu hakungoja wenye shida waje dukani kwake, bali aliwafuata. Wakati wa dhiki kubwa ya mwaka 1816, waliopanda ngazi zile za giza walikuta vitanda vya mfumi havina nyuzi, meko hayana makaa, na matandiko yamekwisha kuwekwa rehani. Na walipokwenda kuyaeleza hayo mbele ya matajiri wa mji, Thomas Fowell Buxton akiwa msemaji wao, zilichangwa zaidi ya pauni 43,000. Buxton huyo, mtoto wa mama Mquaker, ndiye aliyekuja baadaye kuongoza Bungeni vita vya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza.

Bedford na wenzake walifika hata gerezani, wakawauliza wavulana wezi, mmoja mmoja, namna walivyoingia katika wizi. Taarifa yao ya mwaka 1816 iliwalaumu wazazi waliowapuuza watoto, lakini iliutaja pia ukosefu wa elimu na wa kazi, na haikusita kusema kwamba ukali wa sheria na hali ya magereza vilizidisha uovu. Maneno hayo yalitaka ushujaa wakati ambapo wizi ungaliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi.

Bedford alifariki mwaka 1864. Mwaka uliofuata Marafiki walifungua nyumba ya Bedford Institute kwa ukumbusho wake, ndiyo iliyojengwa upya baadaye kuwa lile jengo la matofali mekundu, na mwaka 1867 wakaunda chama cha kuendesha madarasa ya watu wazima, shule za watoto na misaada kwa jamaa maskini. Chama hicho kikaenea mitaa mingine, hata ukumbi wa Hoxton Hall, uliokuwa zamani wa nyimbo na michezo, ukawa mkononi mwake.

Hata hivyo si haki kusifu tu. Mgeni aliyebisha hodi alikuwa na uwezo wa kutoa na wa kunyima, na mama mwenye njaa alijua hivyo. Ni watoa sadaka wangapi wa zama zile waliogeuka makadhi, wakipekua kabati na kuhukumu tabia? Kinga ya maradhi hayo ilitoka kwa Mquaker mwingine, Seebohm Rowntree wa York, mtoto wa mwenye kiwanda cha chokoleti. Mwaka 1899 habari zilikusanywa nyumba kwa nyumba juu ya familia 11,560 za wafanyakazi wa mji ule, na kitabu chake cha mwaka 1901 kikaonyesha kwamba zaidi ya robo ya wakazi wote walikuwa katika umaskini. Katika wale ambao mapato yao hayakutosha hata chakula na mavazi, zaidi ya nusu walikuwa katika nyumba ambazo baba alikuwa na kazi ya kudumu, ila ujira ulikuwa haba. Kwa hiyo uvivu, ambao watu wenye shibe walipenda kuutaja, haukuwa asili ya jambo hili.

Chama cha Bedford kingali hai, na tangu mwaka 1998 kinaitwa Quaker Social Action. Miongoni mwa kazi zake ni moja ambayo Mswahili ataifahamu upesi: kuwasaidia waliofiwa wasioweza gharama za mazishi. Kwetu msiba huja na majirani, mkeka na mchango wa rambirambi. London, mjane aweza kubaki peke yake na hati ya gharama ya maelfu ya pauni. Tangu mwaka 2010 watumishi wa chama huwasikiliza watu kama hao, humsaidia kila mmoja kuchagua mazishi ya staha yasiyomtia katika deni, na huyapeleka waliyoyasikia kwa wenye serikali. Sehemu moja ya msaada wa serikali kwa mazishi, iliyokuwa imekwama kwenye pauni 700 tangu mwaka 2003, ilipandishwa kuwa pauni 1,000 mwezi wa Aprili 2020, baada ya chama hiki na wengine kuidai kwa miaka mingi.