Aliyetua Beseni

Mwaka jana, jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, bodaboda iliteleza ikamwangusha kijana na gunia lake la karanga. Tulikuwa kama watu ishirini. Nakiri, mimi mwandishi wa habari, kitu cha kwanza nilichotoa ni simu. Wa pembeni yangu naye akatoa ya kwake. Tukabaki kutazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake, na kijana yuko chini kashika goti. Mpaka mama mmoja muuza zabibu alipotua beseni lake na kuinama. "Njooni mumshike basi, jamani!" Ghafla wote tukawa na mikono. Hata karanga tuliziokota.

Tangu siku ile najiuliza: mikono yetu ilikuwa wapi kabla ya yule mama?

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walilichunguza jambo hili baada ya Kitty Genovese kuuawa New York mwaka 1964. Gazeti liliandika kwamba watu 38 walishuhudia wasifanye kitu. Baadaye ikabainika habari ile ilitiwa chumvi. Hata hivyo majaribio yao yalionyesha jambo la kweli: tukiwa wengi, kila mmoja hudhani wajibu ni wa mwenzake, tena husoma nyuso za wengine kujua kama kweli kuna hatari.

Lakini Ugogo ina kumbukumbu yake ya zamani zaidi kuhusu watu wanavyofanyana. Kati ya mwaka 1917 na 1920 palikuwa na njaa kubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Halafu mvua ikagoma. Makadirio yanayotajwa na wanahistoria ni kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya, jina ambalo mwanahistoria Gregory Maddox analieleza kwa maana ya kugombania. Angalia hapo. Hawakuipa jina la jua wala la vita. Waliipa jina la kile walichoona binadamu wakifanya chakula kilipokwisha.

Hata hivyo jina halisemi yote. Wapo waliokimbilia kwa majirani wa nje ya Ugogo, wapo waliokabidhi watoto wao kwa wenye chakula, na kuna waliowapokea. Si kila aliyepokea alifanya hivyo kwa huruma. Njaa ina biashara zake. Lakini Mathias Mnyampala, mshairi aliyeukuza utanzu wa ngonjera na kuandika historia na mila za Wagogo, alizaliwa Dodoma mwaka 1917. Mtoto wa umri ule hakuivuka miaka ile kwa miguu yake mwenyewe. Kuna mtu alimpa. Na mimi nikisoma ngonjera, ushairi usiosimama bila mtu wa pili wa kujibu, humkumbuka huyo mtu asiyeandikwa popote.

Nusu karne baadaye serikali nayo ilijaribu kuugeuza umoja kuwa mpango. Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma, watu wahame kwenye makazi yaliyotawanyika wakaishi pamoja kwenye vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akifyatua matofali na wanakijiji. Ndiyo yule mama wa zabibu kwa kiwango cha taifa: kiongozi anatua beseni, wengine wanainama. Ila mwezi Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na sehemu mbalimbali za nchi nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi. Anayefyatua tofali kwa sababu mwenzake kaanza, na anayefyatua kwa sababu nyuma yake kuna mgambo, ukiwatazama kwa mbali wanafanana. Matofali yao pia yanafanana.

Ningependa kusema mimi niliinama kwa upendo. Siyo kweli. Niliinama kwa sababu nilimwonea haya yule mama, na kwa sababu watu walikuwa wananiona. Sina haki ya kumcheka aliyefyatua tofali kwa kuwa Mwalimu alikuwa akitazama. Tofauti ninayoiona ni moja tu: mama hakutulazimisha. Ningeweza kuondoka na simu yangu, na hakuna ambaye angekuja kuniuliza.

Kijana alipelekwa hospitali kwa bajaji. Mama akarudi kwenye zabibu zake, nikanunua kilo nzima ambayo sikuihitaji. Video ile bado ninayo kwenye simu: sekunde kumi na moja, miguu ya watu ishirini, imesimama tu.