Afrigo na Sauti ya Busoga

Harusi za Bugembe, mji ulio kwenye barabara kuu itokayo Jinja kuelekea Iganga, zina wimbo wake. Obangaina ukipigwa, mabibi huacha viti na vijana huacha simu. Wimbo huo wa Kisoga uliimbwa na Rachel Magoola miaka ya 1990, akiwa na Afrigo Band. Bendi yenyewe ni ya Kampala, na nyimbo zake nyingi ni za Kiganda. Ndiyo maana Obangaina unastahili kutazamwa kwa makini: ulipotoka, bendi kubwa kuliko zote nchini ilikuwa imempa Msoga kipaza sauti aimbe kwa lugha ya kwao, na Uganda nzima ikacheza.

Afrigo ilizaliwa mwaka 1975, mwaka uleule Kampala ilipopokea mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Moses Matovu, mwimbaji na mpiga saksafoni, alikuwa ametoka Cranes Band pamoja na wenzake kadhaa, wakiwemo Jeff Sewava, Charles Ssekyanzi na Tony Ssenkebejje. Kizazi chao kilikulia katikati ya mikondo miwili. Santuri za soul kutoka Marekani na pop kutoka Uingereza zilikuwa zimejaa mjini miaka ya 1960, huku rumba ya Kongo ikiingia kwa redio na kwa wanamuziki waliovuka mpaka. Afrigo ilichukua kote kuwili. Kutoka soul ilipata matarumbeta na saksafoni zinazomjibu mwimbaji, na kutoka rumba ikapata gitaa zinazotiririka hadi wimbo unapogeuka kuwa dansi tupu.

Ulikuwa wakati mgumu wa kuanzisha bendi. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka mwaka 1971, na mwaka uliofuata akawafukuza Waasia. Jinja iliumia sana. Mji huo ulikuwa umejengwa juu ya umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na juu ya viwanda kama Nytil cha nguo, bila kusahau mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Kakira, upande wa pili wa Bugembe. Mishahara ya watu wa viwandani ndiyo iliyolipia bia na dansi za Jumamosi. Viwanda vilipolegea, dansi nazo zililegea.

Wanamuziki wengi waliondoka. Wengine walivuka mpaka hadi Nairobi, kwenye studio na kampuni za santuri. Wengine walifika mbali zaidi. Philly Lutaaya alihamia Uswidi mwaka 1984, akarudi nyumbani na nyimbo zilizompa jina kubwa, na mwaka 1989 akatangaza hadharani kwamba ana virusi vya Ukimwi. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Huo ni ujasiri ambao Uganda haijausahau, na haipaswi kuusahau. Matovu yeye alibaki Kampala na bendi yake, akipiga usiku baada ya usiku.

Kubaki huko ndiko kulikoitofautisha Afrigo. Simply Red ya Manchester, iliyoanza mwaka 1985 na kupendwa kwa soul yake laini, ilimtegemea mtu mmoja, Mick Hucknall. Ilivunjika mwaka 2010, kisha ikarudi jukwaani mwaka 2015. Afrigo nayo ina mzee wake, lakini Matovu hakuushika wimbo peke yake. Joanita Kawalya alipewa nafasi ya mbele, na sauti yake katika wimbo wa Jim ikawa mali ya taifa. Magoola naye akapewa yake. Waanzilishi walipopungua, mmoja akihama na mwingine akifariki, vijana waliingia wakajifunza nyimbo za zamani kabla ya kuleta zao. Mwaka 2025 bendi ilitimiza miaka 50.

Pesa nazo zina sehemu yake katika habari hii. Kaseti zilinakiliwa ovyo mitaani, kwa hiyo bendi haikuweza kuishi kwa mauzo ya nyimbo. Iliishi kwa kiingilio cha mlangoni, kwanza katika kumbi kama Little Flowers ya Bakuli, baadaye Club Obbligato, na kwa kualikwa kwenye harusi na sherehe. Mwanamuziki anayekula kwa kiingilio hawezi kudanganya: gitaa lisipokaa sawa, watu wanamwona palepale.

Busoga, eneo la Wasoga ambako Bugembe ipo, ilikuwa na hazina yake ya matarumbeta kabla saksafoni haijafika. Bigwala ni matarumbeta ya vibuyu: vipande vya vibuyu huunganishwa kimoja kwa kingine hadi vipate urefu, na kila tarumbeta hutoa noti moja tu. Watano au zaidi hupokezana noti hizo haraka hadi wimbo utokee, huku ngoma zikiwashika. Hakuna mpigaji awezaye kuupiga wimbo peke yake. Bigwala ilitegemea mambo ya kifalme, kwa hiyo tawala za jadi zilipofutwa miaka ya 1960 ilikosa mahali pa kulia. Busoga ilipata tena Kyabazinga, mfalme wake, mwaka 1995, na makao ya ufalme yapo Bugembe. Lakini wazee waliojua bigwala walikuwa wamebaki wachache mno. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Vijana wa Busoga wamefundishwa upya tangu hapo.

Kutoka Bugembe ukiendelea mashariki hadi Mbale, utakuta kadodi, ngoma za Wamasaba zinazowasindikiza vijana wa tohara kila mwaka wa shufwa, yaani unaogawanyika kwa mbili. Nazo zimetoka kwenye njia za milimani zikaingia katika nyimbo za siku hizi. Obangaina ulitangulia kuonyesha kwamba lugha na mwendo wa mashariki vinaweza kusimama na gitaa la umeme bila kuomba radhi. Magoola mwenyewe aliingia Bungeni mwaka 2021, mwakilishi wa wanawake wa wilaya ya Bugweri.

Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyerekodi ngoma na vinanda vya Uganda kati ya miaka ya 1940 na 1950. Kanda za bendi za dansi zinastahili uangalizi wa namna hiyohiyo: majina ya wapigaji yaandikwe, tarehe za kurekodi zithibitishwe, na maneno ya Obangaina yachapishwe kwa Kisoga sanifu pamoja na maelezo yake. Kazi hiyo ianze wakati Matovu na Magoola bado wanaweza kuulizwa.